Kufundisha Visasili na Dini kwa Mkabala wa Umuundo: Mwongozo kwa Mwalimu wa Mombasa

Mwongozo huu unamlenga mwalimu aliyepangiwa kufundisha umuundo, yaani mkabala wa kuchunguza jinsi vijenzi vya kisa au mila vinavyohusiana hata vikazaa maana, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili wa chuo hapa Mombasa, iwe ni katika somo la fasihi simulizi, la dini au la ualimu, na ambaye darasa lake lina Waislamu, Wakristo wa makanisa mbalimbali, na wengine ambao wazee wao bado wanaziheshimu kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Nimelifundisha somo hili mara nyingi, na nimeona kwamba mwanafunzi anayeanzishiwa kwa majina ya wanazuoni na miaka ya vitabu huishia kuandika orodha ya vinyume, usiku na mchana, juu na chini, mume na mke, akaiita uchambuzi, ilhali hawezi kueleza vinyume hivyo vinafanya kazi gani ndani ya kisa. Anayeanzishiwa kwa sikio na mikono yake mwenyewe hufika upesi kwenye swali moja ambalo ndilo linalolibeba somo zima: nikikiondoa kijenzi hiki na kuweka kingine mahali pake, maana itabadilika au haitabadilika? Hatua zifuatazo zimepangwa ili swali hilo liulizwe mapema na lirudiwe mpaka mwisho. Tenga vipindi sita vya saa mbili.

Kabla ya kuingia darasani

Nunua karatasi za manila uzikate vipande vya ukubwa wa kiganja, vipande sitini hivi kwa kila kundi la wanafunzi watano. Tafuta kalamu za wino mzito, karatasi laini ya kukata vipande vyembamba, na chumba chenye sakafu safi ambapo viti vinaweza kusogezwa ukutani. Feni ya darini itakusumbua, kwa hiyo ama uizime wakati kadi zimetandikwa, ama uwaagize wanafunzi waje na vijiwe vya kuzibania.

Chagua kisa ambacho wanafunzi wamekisikia tangu utotoni na ambacho hakimo katika kitabu kitakatifu cha yeyote aliyeketi mbele yako. Sharti hili nimelijua kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza nilianza na kisa cha Nabii Yusuf, nikidhani kwamba kwa kuwa Waislamu na Wakristo wote wanakijua, kitawaunganisha. Nilipoandika neno kisasili ubaoni juu ya jina lake, darasa lilinyamaza, na kijana mmoja mwenye adabu nyingi aliniomba ruhusa ya kutoka nje. Hakuwa amekosea. Katika Kiswahili cha shuleni kisasili ni hadithi ya kubuni inayoeleza asili ya mambo, na mimi nilikuwa nimelitumia neno hilo bila kulieleza upya.

Tangu siku hiyo huanza kipindi cha kwanza kwa tamko fupi ambalo nalisoma polepole na kuliacha ubaoni kwa wiki zote sita: «Hapa hatuulizi kama kisa ni cha kweli au si cha kweli, wala kama kimeteremshwa au kimetungwa. Tunauliza vipande vyake vimepangwaje hata msikilizaji akakielewa.» Mwanafunzi anayejua kwamba imani yake haiwekwi kizimbani hufungua mdomo mapema zaidi.

Kisa ninachokipendekeza kwa Mombasa ni cha Fumo Liyongo. Usipoteze muda kubishana kama ni kisasili au ni mighani, yaani hadithi ya shujaa. Mpaka huo una faida kwenye mtihani wa sekondari, lakini mbinu tunayoifundisha haiujali.

Hatua ya kwanza: sikio kabla ya nadharia

Mpe kila mwanafunzi kipande chembamba cha karatasi laini, upana wa vidole viwili, akishike mbele ya midomo yake. Mwombe aliyelelewa Mji wa Kale au Lamu atamke neno paa akimaanisha paa la nyumba, kisha alitamke tena akimaanisha paa wa mwituni. Mara ya kwanza karatasi inatulia, na mara ya pili inaruka, kwa sababu paa mnyama hutamkwa kwa mpumuo. Rudia kwa kaa la moto na kaa wa pwani, halafu kwa tembo la mnazi na tembo mwenye mkonga. Tahajia yetu ya kawaida haiandiki tofauti hiyo, lakini katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, pumzi hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha makaa na kitoweo.

Sasa mwombe mwanafunzi aliyelelewa bara afanye vivyo hivyo. Mara nyingi karatasi yake haitaonyesha tofauti yoyote kati ya maneno hayo mawili, na wengine watashangaa kwamba wamekaa miaka miwili Mombasa bila kuisikia. Usimcheke wala usiruhusu achekwe, kwa maana yeye ndiye anayekamilisha somo: pumzi si maana kwa asili yake, bali hupata uzito ndani ya mfumo unaoitumia kutofautisha, na katika mfumo mwingine pumzi hiyohiyo haina kazi.

Hapo ndipo umtaje Ferdinand de Saussure, aliyefundisha isimu Geneva na kufariki mwaka 1913, na ambaye mihadhara yake ilikusanywa na wenzake ikachapishwa mwaka 1916. Waambie mambo mawili tu kumhusu. La kwanza ni kwamba kiashiria, yaani umbo la sauti, hakifungamani na kiashiriwa, yaani dhana, kwa sababu yoyote ya kimaumbile. La pili ni kwamba kila kipashio cha lugha hupata thamani yake kutokana na tofauti kati yake na vipashio vingine. Wanafunzi tayari wamelishika la pili kwa karatasi, kwa hiyo maelezo yako yasizidi dakika kumi.

Hatua ya pili: kuvunja kisa kuwa mithimu

Mwaka 1941 Claude Lévi-Strauss, Mfaransa mwenye asili ya Kiyahudi aliyekuwa amefanya utafiti miongoni mwa wenyeji wa Brazil katika miaka ya 1930, alikimbilia New York, na huko akakutana na mwanaisimu Roman Jakobson. Kutoka kwake alijifunza jinsi wanafonolojia, yaani wataalamu wa mifumo ya sauti za lugha, walivyokuwa wakizichambua sauti kwa jozi za ukinzani, naye akajiuliza kama undugu na visasili navyo vinaweza kuchambuliwa hivyo. Makala yake ya mwaka 1955 kuhusu uchunguzi wa kimuundo wa visasili ndiyo iliyoweka msingi wa mbinu hii. Kijenzi kidogo cha kisasili, ambacho kwa mfano wa fonimu na mofimu tutakiita mithimu, si mtu wala kitu, bali ni uhusiano unaoweza kuandikwa kwa sentensi fupi.

Hapa wanafunzi hukosea sana. Ukiwaambia waandike mithimu za kisa cha Liyongo, wengi wataandika «Liyongo», «mama», «mkate». Zirudishe kadi hizo. Kadi iliyo sahihi ina mtendaji, tendo na mtendewa: «Mama anampelekea mwanawe mkate.» Weka sharti kwamba kadi isiyo na kitenzi haiwekwi sakafuni.

Kabla ya kuandika, simulieni kisa kwa pamoja, kila mmoja akichukua kipande. Usimulizi ulioenea pwani unakwenda hivi. Sultani wa Pate anamwogopa Liyongo, shujaa na mshairi, na anatafuta njia ya kumuua. Wenzake Liyongo wanapatana kula makoma, matunda ya mkoma, kwa kikoa, kila mtu apande mkoma kwa zamu yake awaangushie wengine, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye anabaki chini na kuyaangusha makoma kwa mishale yake. Baadaye anafungwa. Mamake humpelekea chakula kwa mkono wa mjakazi Saada, na walinzi hukila kilicho kizuri wakamwachia makombo. Liyongo anamwagizia mama kwa wimbo afanye mkate wa wishwa, yaani wa pumba, na atie ndani yake tupa, kifaa cha kukerezea chuma. Walinzi wanaudharau mkate ule, unamfikia. Anaomba ngoma kubwa ichezwe kabla hajauawa, na katika kelele za ngoma anakata pingu kwa tupa na kutoroka. Mwishowe Sultani anamrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi, na katika usimulizi mmoja ahadi hiyo ni kuozwa binti yake. Mwana anamwuliza baba ni nini kinachoweza kumuua, na baba, ingawa anashuku, anamwambia: sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Mwana anamdunga akiwa amelala. Liyongo anakwenda mpaka kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na kufa katika hali hiyo, na watu wa mji, wakidhani yu hai, wanaogopa kuteka maji hata mamake anapokuja kumbembeleza na mwili kuanguka.

Kisa hiki kitatoa kadi kati ya ishirini na thelathini. Usiharakishe. Kipindi kizima cha pili kinaweza kuishia kwenye kuandika kadi, na hilo si hasara.

Hatua ya tatu: kutandika kadi sakafuni

Waambie wazipange kadi kwanza kwa mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mfuatano wa kisa. Huu ni usomaji wa Vladimir Propp, mtafiti wa Urusi ambaye mwaka 1928 alionyesha kwamba ngano za ajabu za Kirusi, alizozisoma mia moja, zinajengwa kwa matendo yasiyozidi 31, na kwamba matendo hayo hufuatana kwa utaratibu uleule hata wahusika wakibadilika. Mtaje Propp kwa heshima yake, kisha mwendelee.

Sasa waambie wauvunje mstari: kadi zinazofanana kwa aina ya uhusiano zishuke chini na kukaa katika safu wima moja, bila kupoteza nafasi yake ya kushoto au kulia. Lévi-Strauss alilieleza hili kwa mfano wa karatasi ya muziki wa okestra, ambayo husomwa kwenda mbele ili kuufuata wimbo na hapohapo husomwa kwenda chini ili kusikia vyombo vyote vinavyolia kwa wakati mmoja. Wanafunzi wanaohudhuria taarabu watauelewa mfano huo mara moja. Waache wajaribu, wabishane, wahamishe kadi. Wewe tembea tu kati ya makundi na uulize kwa nini kadi hii imekaa hapa.

Safu wima ya kwanza ambayo makundi huigundua ni ya nasaba. Mama anampa mwana uhai, mwana anamwondolea baba uhai, na katikati baba anamwambia mwana siri yake huku akijua hatari iliyopo. Kadi hii ya katikati huleta mjadala mkubwa, kwa kuwa inaonyesha nasaba ikithaminiwa kupita kiasi wakati uleule inapokaribia kusalitiwa.

Safu wima ya pili ni ya chakula, nayo ina jambo ambalo sichoki kuliona likigunduliwa. Kikoa cha makoma ni chakula cha heshima, cha watu sawa kwa zamu, na ndani yake mmefichwa mauti. Mkate wa wishwa ni chakula cha dharau, kilichopelekwa na mjakazi, na ndani yake mmefichwa uhai. Kimoja kimegeuzwa kikawa kinyume kamili cha kingine, na kila upande unaposhinda au kushindwa hutegemea nani aliyesoma vizuri kilicho ndani kwa kukitazama kwa nje.

Ukishafika hapo, safu wima ya tatu hujitokeza yenyewe: mambo ambayo nje yake inakanusha ndani yake. Mkate una tupa, ngoma ya furaha ina sauti ya chuma kinachokatwa, na uso wa mwana mwenye mapenzi una mauaji. Kadi ya mwisho ya safu hii ni ya kisimani, ambako mwili unaoonekana hai ni maiti. Mara mbili Liyongo ndiye anayeficha, kwa mkate na kwa ngoma. Mara moja anafichwa yeye. Na mara ya mwisho, akiwa amekufa, bado anawaficha watu ukweli.

Wakati huu ndipo uwaonyeshe uchambuzi wa Lévi-Strauss wa kisa cha Kigiriki cha Oedipus, wenye safu wima nne: nasaba kuthaminiwa kupita kiasi, kama Oedipus anapomwoa mama yake na binti yake Antigone anapomzika kaka yake licha ya katazo, nasaba kudunishwa, kama Oedipus anapomuua baba yake, mazimwi kuuawa, na majina yanayoashiria ugumu wa kutembea wima, kwa kuwa Oedipus maana yake ni mwenye mguu uliovimba. Ukiutanguliza uchambuzi huo kabla ya Liyongo, wanafunzi wataziiga safu zake nne na kulazimisha kadi zao ziingie humo. Ukiuweka baada, watausoma kama wenzi wa kazi, na baadhi yao watauona ni dhaifu mahali fulani, hasa katika ile safu ya majina. Wana haki. Fomula ya kialjebra iliyomo katika makala hiyohiyo ya 1955 waachie wanafunzi wa uzamili.

Hatua ya nne: jaribio la kubadilisha

Hii ndiyo hatua ambayo nakuomba, mwalimu mwenzangu, usiiruke hata kama muda umekuishia. Kila kundi lichague kadi tano na kwa kila moja libadilishe kijenzi kimoja, kisha liseme kisa kimebaki kilekile au kimevunjika. Ni karatasi ileile ya mbele ya midomo, isipokuwa sasa tunaipima hadithi.

Tupa ikitiwa ndani ya mkate wa unga mweupe, walinzi wataula na Liyongo atakufa gerezani. Kwa hiyo ukinzani kati ya wishwa na unga mweupe unafanya kazi. Mkate ukipelekwa asubuhi badala ya jioni, hakuna kinachobadilika. Kwa hiyo asubuhi na jioni si jozi ya ukinzani katika kisa hiki, hata kama ni vinyume katika kamusi. Sindano ikiwa ya chuma je? Hapa darasa hugawanyika. Chuma katika kisa ni pingu iliyoshindwa kumzuia na tupa iliyomwokoa, kwa hiyo wengi huona kwamba mauti yalipaswa kuja kwa madini mengine, naam, kwa shaba. Na kitovu kikiwa kisigino? Mwanafunzi mmoja wa kike aliwahi kuinua mkono na kusema kwamba kitovu ni mahali mama alipomfunga mwanawe na uhai, na kwamba mwana wa Liyongo alipadunga palepale. Mama alipenyeza chuma ndani ya mkate ili mwanawe atoke. Mjukuu wake alipenyeza shaba ndani ya kitovu. Nilimwomba aandike kadi hiyo upya, na tangu hapo kila mwaka nasubiri kuona kama kuna kundi litakaloifikia bila kusaidiwa.

Mwanafunzi atakayesema kwamba hayo ni mawazo yetu na si ya kisa ameuliza swali zuri, nalo linajibika kwa kazi: yape makundi mawili kisa kilekile katika vyumba tofauti, kisha mlinganishe safu wima zao. Zinapolingana bila kushauriana, kuna jambo ndani ya kisa. Zisipolingana, rudieni jaribio.

Hatua ya tano: usimulizi mwingine, na kisa cha jirani

Endapo mwanafunzi atashikilia kwamba nyumbani kwao husimuliwa jambia badala ya sindano, au mpwa badala ya mwana, usiamue nani yuko sahihi. Kwa mujibu wa Lévi-Strauss kisasili ni jumla ya simulizi zake zote, kwa hiyo kila tofauti ni data. Andika kadi mpya, iweke kando ya ile ya kwanza, na ulizeni tofauti hiyo inaambatana na tofauti gani nyingine.

Kisha leta kisa cha Luanda Magere wa Wajaluo, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe lisilopenywa na mkuki. Maadui zake walimpa binti yao awe mke. Alipougua, mke huyo aligundua kwamba kivuli chake ndicho kilichokuwa na damu, akawapelekea wenzake habari, nao wakakichoma kivuli kwa mkuki. Weka kadi zake chini ya zile za Liyongo. Katika visa vyote viwili shujaa ana mahali pamoja pa kufia, siri hutolewa na aliye karibu naye, na mwili uliobaki unakuwa na nguvu baada ya kifo. Lakini binti wa adui amebadilisha nafasi: kwa Luanda Magere, adui anamtoa binti ampe shujaa mwenyewe, kwa Liyongo, adui anaahidi kumtoa binti ampe mwana wa shujaa, na usaliti unahama kutoka kwa mke kwenda kwa mwana. Mageuzo ya namna hii ndiyo Lévi-Strauss aliyoyafuatilia katika visa mamia vya Amerika kwenye vitabu vyake vinne vilivyotoka kati ya 1964 na 1971. Mkristo mmoja au wawili watamtaja Samsoni. Mkubalie, iandike kadi, na umwombe mwenyewe aseme nini kinafanana na nini kimegeuka.

Kama muda unaruhusu, linganisheni pia visa vya asili ya mauti vinavyomhusu kinyonga. Kwa Wazulu, kinyonga aliyetumwa na habari kwamba watu hawatakufa anachelewa njiani na mjusi anamtangulia na habari ya mauti; kwa Wakamba, kinyonga anafika lakini anababaika katika kusema, na ndege anamkatiza. Uzito wa miguu umekuwa uzito wa ulimi.

Hatua ya sita: ibada, miiko na dini

Anza na mikono miwili. Waambie wanafunzi waandike yote yanayofanywa kwa mkono wa kulia na yote yanayofanywa kwa wa kushoto, kisha waangalie lugha yenyewe, ambayo huuita wa kulia pia mkono wa kuume na wa kushoto mkono wa kike. Robert Hertz, mwanafunzi wa mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, aliandika mwaka 1909 kwamba ubora wa mkono wa kulia ni kioo cha ugawaji wa dunia kati ya kilicho kitakatifu na kisicho kitakatifu. Wanafunzi watakubali upesi mno, kwa hiyo walete kwa Mugwe wa Wameru, kiongozi wa kidini ambaye mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa na uwezo wa kubariki na ulifichwa usionekane na watu. Mwanaanthropolojia Rodney Needham aliuchambua mkono huo mwaka 1960. Kushoto si kubaya kwa asili yake, kama ambavyo pumzi ya mbele ya karatasi si maana kwa asili yake.

Halafu nenda sokoni. Andika ubaoni nguru, pweza, kamba, kaa na nguruwe, na mwulize kila mwanafunzi vipi anavila nyumbani kwao. Waislamu wengi wa pwani, ambao ni wa madhehebu ya Shafi, wanavila vya baharini vyote vinne na hawali nguruwe; wafuasi wa Hanafi wanahesabu samaki kuwa ndiye halali wa baharini; Wasabato, wakifuata Mambo ya Walawi sura ya 11, hawali kisicho na mapezi na magamba, kwa hiyo pweza, kamba na kaa wametoka pamoja na nguruwe; Wakristo wengine wanakula vyote. Mwanaanthropolojia Mary Douglas alidai mwaka 1966 kwamba mnyama aliyekatazwa katika sura hiyo ni yule asiyekaa vizuri katika kundi lake, kama nguruwe mwenye kwato zilizopasuka lakini asiyecheua. Mweleze mwanafunzi pia kwamba Douglas mwenyewe aliurekebisha uchambuzi huo baadaye katika kitabu cha mwaka 1999. Na umwambie mwenye imani kwamba maelezo haya yanahusu mpangilio wa makundi. Sababu ya yeye kutii ni amri, na amri hiyo haihitaji idhini ya somo letu.

Vitabu vitakatifu vyenyewe viache mpaka darasa likuombe. Lévi-Strauss alisita kuitumia mbinu yake kwa Biblia, na mwanafalsafa Paul Ricoeur alijadiliana naye juu ya jambo hilo mwaka 1963, ingawa mwanaanthropolojia Edmund Leach alikuwa tayari ameichambua Mwanzo kimuundo. Kuhusu kaya za Wamijikenda, ambazo ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, usimpeleke mwanafunzi bila idhini ya wazee, wala usimruhusu aandike kwenye kadi jambo ambalo mzee amesema lisitoke.

Hatua ya saba: kuipinga mbinu

Tumia mapokeo ya Mombasa yenyewe. Mwana Mkisi anasimuliwa kuwa malkia wa mji kabla ya Uislamu, na Shehe Mvita kuwa mwanzilishi wa utawala wa Kiislamu. Mchambuzi wa kimuundo ataona jozi ya mwanamke na mwanamume, ya kabla na baada. Lakini wako wazee wanaohesabu nasaba zao kutoka hapo, na kwao hiyo ni historia. Mvutano huohuo uliwakutanisha mwanaanthropolojia Luc de Heusch, aliyevichambua visasili vya Wabantu, vikiwemo vya Waluba, katika kitabu cha mwaka 1972, na mwanahistoria Jan Vansina, ambaye mwaka 1983 alihoji kama uzuri wa uchambuzi unatosha kuwa ushahidi. Acha darasa lijibu. Ongeza pia kwamba kadi haina sauti: ngoma ya Liyongo, mahadhi ya mama yake kisimani na mkono wa bibi anayesimulia havikuingia katika safu wima yoyote.

Kupima

Usiulize «Eleza umuundo». Mpe kila mwanafunzi kisa alichokisikia nyumbani, akiandike kwa kurasa mbili, aambatishe picha ya kadi zake, na afanye jaribio la kubadilisha mara tatu, angalau moja ikiwa ile ambayo haikubadilisha chochote. Hilo la mwisho ndilo ninalolipa alama nyingi zaidi, kwa kuwa mwanafunzi anayejua jozi ipi haifanyi kazi ameacha kuorodhesha vinyume. Baada ya kusahihisha, zifunge kadi za kila kundi kwa uzi, nyuma ya ya kwanza paandikwe mahali kisa kiliposikiwa na mwaka, kisha uzichanganye mpangilio kabla ya kuziweka kabatini, ili kundi litakalozipokea mwaka ujao lianze kuzitandika upya.